Re: Mmea wenye majani yanayonukia waridi

Dada, huo uliopewa na jirani hapo Lanet ni jeraniamu, asili yake Afrika Kusini. Kitaalamu huitwa Pelargonium. Umeuliza jina limetoka wapi: ni Kigiriki, pelargos, yaani korongo. Ua likishanyauka, usilikate upesi. Ngoja litoke lile tunda refu lililochongoka, ulilinganishe na mdomo wa korongo wa pale Ziwa Nakuru. Utashangaa! Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuweka kundi la Geranium, kutoka geranos, ndege wa jamii ya korongo taji. L'Héritier, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, akautenganisha 1789.

Watengenezaji wa manukato hutaka majani, si maua. Fikicha jani moja uone, vidole vinanukia hadi jioni. Mafuta yake hutolewa kwa mvuke.