Kurekodi taarifa ya saa moja nikiwa zamu: kompyuta ya chumbani itaweza?

SWALI: Mimi ni muuguzi, naishi Kasarani, orofa ya pili, na mara nyingi niko zamu ya usiku. Nina kompyuta ya mezani ya zamani yenye Windows 10. Nataka kuiweka chumbani niwe natazama runinga na kurekodi taarifa ya saa moja pamoja na mechi. Nilinunua kifaa cha USB cha kunasa runinga, lakini nikitafuta chaneli hakipati hata moja. Kompyuta ndiyo imezeeka?

JIBU: Dada, kompyuta haina lawama. Matangazo ya dijitali hufika yakiwa yamebanwa tayari, nayo mashine huyaandika kwenye diski jinsi yalivyo. Hata ya zamani hulimudu hilo.

Ninachoshuku ni hicho kifaa. Kenya hutumia DVB-T2, toleo la pili la mfumo wa kurusha runinga ya dijitali kwa antena, lakini vifaa vingi vya bei nafuu, hasa vyenye chipu ya RTL2832U pekee, husoma DVB-T ya kwanza tu. Hata ukivipandisha mlingoti, haviambulii kitu. Angalia pakiti: pasipoandikwa T2, kirudishe. Hauppauge WinTV-soloHD, kwa mfano, husoma T2. Ukienda barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya elektroniki, kutafuta kingine, nenda na laptopu, muuzaji akichomeke na kutafuta chaneli mbele yako kabla hujalipa.

Kisha kuna antena, na hapa nakusihi usibane pesa. Kile kijiti kinachokuja na kifaa hakifai ndani ya kuta za zege. Mawimbi ya dijitali yakipungua, huoni chengachenga kama zamani. Picha inagandaganda, kisha inatoweka, na rekodi yako inaharibika vivyo hivyo. Zungumza na keateka akuruhusu kufunga juu ya paa antena ya UHF, yaani ya masafa ya runinga ya dijitali. Tazama antena za majirani zimeelekea wapi, uelekeze yako huko, kisha ushushe kebo ya antena aina ya RG6 hadi chumbani bila kuigawa njiani. Kila ukigawa kebo iende pande mbili, kila upande unapata chini ya nusu ya nguvu. Kikuza mawimbi ukikiweka chumbani, kitakuza pamoja na uchafu ulioingia njiani. Mahali pake ni kule juu, karibu na antena.

Kwa programu, Windows Media Center, iliyokuwa ikirekodi runinga, iliondolewa Windows 10 ilipokuja mwaka 2015. Weka NextPVR, nayo hurekodi runinga na ni ya bure. Iambie ianze dakika 5 kabla ya taarifa, na kwa mechi iongeze saa nzima mwishoni, maana kuna muda wa nyongeza na penalti. Kumbuka pia kwamba kipokezi kimoja, yaani kifaa kimoja kama hicho cha USB, hushika masafa mamoja kwa wakati. Chaneli zinazorushwa pamoja kwenye masafa hayo unaweza kuzirekodi zote kwa mpigo, lakini zilizo kwenye masafa tofauti zinahitaji kipokezi cha pili. Nafasi isikusumbue: chaneli ya megabiti 2.5 kwa sekunde hula takriban GB 1.1 kwa saa.

Stima ikipotea katikati, faili ya TS, yaani rekodi iliyoandikwa jinsi ilivyorushwa, hubaki ikichezeka hadi pale ilipokatika, kwa hiyo usiruhusu programu ibadilishe umbo la rekodi papo hapo. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, washa mpangilio wa kompyuta kujiwasha stima inaporudi.

Ukiiacha ikiwaka muda wote, mashine inayokula wati 60 itamaliza uniti 43 za tokeni kwa mwezi. Zile kompyuta ndogo za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, zinazokula takriban wati 10 zikitulia zitamaliza uniti 7, na feni zake hazitamwamsha mtu. Kwa chumba cha kulala, ningeuza hiyo kubwa.

Kuhusu mechi, kifaa hiki hunasa chaneli za bure tu, kama KBC, Citizen, NTV na KTN. Za DStv, GOtv na StarTimes zinazolipiwa zimefungwa kwa msimbo, na hakitazifungua. Kama mechi unazozitaka ziko DStv, king'amuzi chao cha Explora hurekodi chenyewe.