Beki gani huyu anafunga kuliko mastraika?

SWALI: Kaka habari za kazi, mimi msomaji wako wa Tandika. Mwaka 2017 Everton ya Uingereza walivyokuja kucheza na Gor Mahia ya Kenya hapa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, nilikuwepo, sasa juzi kijiweni nikasema kocha wao wa siku ile, Ronald Koeman, enzi zake alikuwa beki, dogo mmoja akanibishia kinoma eti kacheki kwenye simu, mabao yale hayawezi kuwa ya beki. Tusaidie. Na mbona jamaa kila mahali anatimuliwa?

JIBU: Salama kaka. Ni beki, tena beki wa kati, sema dogo naye simlaumu maana jamaa kafunga mabao zaidi ya 190 ya ligi peke yake, mastraika wangapi unaowajua wamefika huko? Siri yake ilikuwa mguu. Penati zake, faulo zake, halafu pale Barcelona kocha Johan Cruyff hakutaka beki wa kubutua, alitaka mtu wa nyuma anayeanzisha mpira, na Koeman alikuwa na pasi ndefu zinazotua mguuni kwa winga. Mbio hakuwa nazo kabisa, hilo tuseme ukweli.

Mwambie dogo atafute fainali ya klabu bingwa Ulaya 1992, Wembley, Barcelona na Sampdoria. Dakika 90 zinaisha bila bila, nyongeza nayo inakaribia kuisha, inapatikana faulo nje ya boksi. Stoichkov anausogeza kidogo, Bakero anautuliza, Koeman anakuja anaachia shuti la chini linapita pembeni ya ukuta, kipa Pagliuca anaruka hola. 1-0, na ndiyo mara ya kwanza Barcelona kulibeba lile kombe. Yeye mwenyewe alikuwa nalo tayari, alilichukua na PSV 1988, na kiangazi hicho hicho akabeba Euro na Uholanzi.

Sasa ukocha. Kwao Uholanzi kacheza na kufundisha Ajax, PSV na Feyenoord zote, hebu fikiria mtu apite Simba, Yanga na Azam na bado asalimiwe mtaani. Ubingwa wa ligi kachukua na Ajax mara mbili, na PSV mara moja. Tatizo ni akienda nje, kichwa kigumu. Valencia ya Hispania aliwaondoa kikosini wakongwe kina Cañizares na Albelda, chumba cha kubadilishia nguo kikachafuka, akachukua Kombe la Mfalme Aprili 2008 na siku chache tu baadaye akaonyeshwa mlango! Southampton ya Uingereza aliwafikisha nafasi ya 6, akahamia Everton, na ile timu uliyoiona Taifa, Rooney akafunga kwa shuti la mbali, Oktoba 2017 hiyo hiyo kocha keshaondoka.

Barcelona nao walimtimua 2021, ila pale mimi namtetea. Klabu ina madeni, Messi kaondoka, angefanya nini? Na bado alikuwa kawapa Kombe la Mfalme msimu uliotangulia, na Pedri na Gavi ni yeye aliyewaamini wakiwa watoto kabisa. Saa hizi watu wanasifu matunda tu.

Baada ya hapo akarudi timu ya taifa ya Uholanzi, Euro 2024 akafika nusu fainali, Uingereza wakamtoa 2-1 kwa bao la Watkins dakika ya 90.