Jibu: Usisubiri sola za perovuskaiti

Ndugu wa Mbale, umeuliza kama usubiri paneli za perovuskaiti, yaani sola za aina mpya zinazotumia fuwele zenye jina hilo, badala ya kununua za kawaida za silikoni kwa saluni yako. Usisubiri. Ni kweli zinasisimua, mimi mwenyewe nazifuatilia sana: mwaka 2009 mwanasayansi Tsutomu Miyasaka na wenzake kule Japani walipata ufanisi wa asilimia 3.8 katika kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme, leo maabara zimevuka 26. Tabaka lake ni jembamba kuliko unywele, na hupakwa kama rangi, bila tanuri kali la silikoni. Lakini fuwele hizo huharibiwa na unyevu na joto, na mvua za Mlima Elgon hapo kwenu unazijua! Nyingi pia zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Paneli ikivunjika, maji yanaweza kubeba risasi hiyo hadi shambani. Silikoni nzuri hudumu miaka 25 hivi juu ya bati. Perovuskaiti bado haijafika hapo.