Binti Yuko Chuo Marekani na Hajachagua Kozi

SWALI: Mhariri, salaam kutoka Masasi. Binti yangu alimaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia), akapata ufadhili wa chuo kidogo huko Marekani, nasi tukatoa fedha za korosho za msimu mzima ili kumkatia tiketi. Sasa yuko mwaka wa kwanza, na kila nikimuuliza anasomea nini ananijibu kwamba bado hajachagua. Muhula huu anasoma baiolojia, historia, uchoraji na Kihispania. Isitoshe, jioni anafanya kazi ya kuosha trei katika bwalo la chakula la chuo. Shemeji yangu anasema mtoto amepotea na kwamba nimwite arudi aombe udaktari hapa nchini. Je, nifanyeje?
Mama wa Masasi

JIBU: Shikamoo, Mama. Binti hajapotea, na ukimwita sasa utakuwa umemtoa shambani kabla ya mvua ya kwanza.

Huku kwetu mwombaji huingia chuo kikuu kupitia kozi: anachagua ualimu, sheria au uuguzi kabla hajakanyaga chuoni, na akishapangiwa, kubadilisha ni shughuli. Vyuo vidogo vya Marekani vinavyotoa elimu ya jumla, ambavyo vingi vina wanafunzi wasiofika 3,000 na hufundisha hasa shahada ya kwanza, humpokea mwanafunzi chuoni kwanza, kisha humpa hadi mwishoni mwa mwaka wa pili, kati ya miaka 4, atangaze somo lake kuu. Kabla ya hapo hutakiwa kuonja sayansi, sanaa, lugha na masomo ya jamii. Kwa hiyo uchoraji unaokutia wasiwasi huenda ni sharti la chuo, wala si uvivu wa mtoto.

Njia hiyo haikuanza na binti yako. Wangari Maathai wa Kenya alipelekwa Kansas mwaka 1960, katika chuo kidogo cha wasichana pale Atchison kilichoendeshwa na masista Wabenediktini, watu wa kanuni ileile ya kitawa inayofuatwa na watawa wa Ndanda. Alihitimu baiolojia mwaka 1964, akiwa amesoma kemia na Kijerumani pembeni, na miaka 40 baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Eduardo Mondlane naye, aliyeongoza FRELIMO kutoka Dar es Salaam wakati wakimbizi wa Msumbiji wakivuka Ruvuma kuja kwetu, alihitimu Oberlin, Ohio, mwaka 1953. Chuo hicho kilikubali kupokea wanafunzi Weusi tangu mwaka 1835.

Jambo ambalo ningelichunguza zaidi kuliko kozi ni namna anavyoishi darasani. Katika vyuo hivi wanafunzi kumi na kitu huketi na mwalimu kuzunguka meza moja, kila mmoja akiwa amesoma sura alizopewa, na mwalimu huuliza, "Wewe unaonaje?" kisha hungoja jibu. Mtoto aliyezoea kunakili ubaoni huona kimya kuwa ndiyo adabu. Pale kimya humpunguzia alama, kwa kuwa mchango wa darasani mara nyingi huhesabiwa. Vivyo hivyo, kwetu anayekwenda ofisini kwa mwalimu ameitwa kwa kosa, ilhali huko kila mwalimu hutenga saa za kupokea wanafunzi, na wanaofaidi chuo kidogo ni wale wanaobisha hodi hata kwa swali dogo. Zaidi ya hapo, binti amepangiwa mshauri wa masomo. Ukimpigia simu tena, acha kwanza habari ya kozi. Muulize amekwenda kwa mshauri huyo lini, na walizungumza nini.

Kuhusu trei, usione aibu. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo huruhusiwa kufanya kazi chuoni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na bwalo na maktaba ndizo kazi za kawaida za wageni. Berea, chuo kidogo cha Kentucky, hakitozi ada ya masomo, na kila mwanafunzi wake hufanya kazi. (Shemeji naye, bila shaka, alipokuwa bwenini alifagia.)

Hata hivyo, katika suala la udaktari shemeji ana hoja. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, ni ghali mno, na shule nyingi za tiba za huko hazipokei wageni. Hapa nchini mwenye PCB nzuri huingia moja kwa moja, akasoma miaka 5 na kufanya mwaka 1 wa mazoezi ya kazi hospitalini. Kama binti anataka udaktari tu na hakuna kingine, mzungumze mapema, tena yeye ndiye aseme. Kama hana hakika, basi angalau aianze kemia mwaka huu au ujao, kwa sababu masomo ya sayansi hufuatana kwa ngazi na aliyechelewa ngazi ya chini hufungiwa ya juu. Atunze pia maelezo ya kila somo alilosoma, maana akirudi Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo itakayoitambua shahada yake.

Mwulize vilevile atalala wapi likizo ya Desemba, kwani baadhi ya vyuo hufunga mabweni.

SWALI: Je, elimu ya namna hii inapatikana Afrika, au ni mpaka Marekani?
Mwanafunzi, Lindi

JIBU: Udogo wa chuo peke yake hautoshi. Stella Maris pale Mtwara ni chuo kidogo, lakini hata huko unaingia kwa kozi uliyoomba, kama vyuo vingine vya nchini. Ukitaka mfano wa Afrika, tazama Ashesi nchini Ghana, iliyoanza kufundisha mwaka 2002. Mwanzilishi wake, Patrick Awuah, alisoma Swarthmore, chuo kidogo cha Pennsylvania, na wanafunzi wote wa Ashesi, hata wa uhandisi na kompyuta, hupitia masomo ya jumla. Ukiamua kuomba, uliza kwanza habari za ufadhili, ndipo uulize habari za masomo.