Ampu mbili kwenye IST: kidogo nichome gari kwa sababu ya waya

Siku hiyo niko kwenye foleni ya Morogoro Road, natoka Magomeni naelekea Ubungo, saa kumi na mbili jioni, AC inapuliza, muziki umefunguliwa wa kawaida tu wala sio wa kutambia watu, mara nasikia harufu kama kuna mtu anachoma ndala. Nikajua ni takataka za pembeni huko, nikapandisha kioo. Harufu ikazidi. Hapo ndo nikaelewa anayechoma ndala ni mimi.

Nikavuta pembeni, nikazima, nikafungua boneti na kuitoa temino ya hasi ya betri kwa spana namba 10, ambayo tangu siku hiyo haishuki kwenye gari. Kuinua kapeti upande wa dereva, waya nyekundu ya kutoka betri kwenda buti imelainika kama tambi, ganda lake limeshikana na kapeti. Fyuzi je? Nzima kabisa, imekaa kule nyuma inaangalia.

Ilikuwaje. Mwanzo nilikuwa na ampu (kile kiboksi cha kukuza sauti) moja ya chaneli 4 inasukuma spika za milango, haikuwahi kunisumbua. Tamaa ikaniingia, nikanunua ya pili, mono (chaneli moja tu), ya kupigia sabufa, yaani spika za besi, mbili za inchi 12, nikampelekea fundi mmoja hapa mjini. Fundi akachungulia akasema, "Bosi, hapa huna haja ya kununua waya nyingine, tunaiungia kwenye hii hii, umeme si uleule?" Nikafurahi nimeokoa hela. Akachukua moto (chanya) kwenye temino ya ampu ya kwanza akaurusha kwenye ya pili, hasi akaifunga kwenye bolti ya kiti, nikaondoka naye tunacheka. Wiki ya kwanza fyuzi ikakatika mara mbili, nikarudi, akatoa ya ampea 60 akaweka ya 100 (ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita, usichanganye na ampu). Haikukatika tena, na mimi nikaona huyu ndo fundi. Kumbe tumemfukuza mlinzi.

Sasa hesabu, na sio ngumu. Geuza ampu uangalie fyuzi zake za ubavuni. Yangu ya chaneli 4 ina ya 40, mono ina mbili za 30, jumla 100. Hizo ndo ampea ambazo njia yako inatakiwa kuzibeba. Achana na maandishi ya kwenye boksi eti wati 5000, maana wati 5000 kwa volti 14 zinataka zaidi ya ampea 350 na hiyo ampu ina fyuzi za 60, jijibu mwenyewe.

Waya yangu ilikuwa namba 8. Kwenye hizi waya namba ikishuka waya inanenepa, kwa hiyo namba 4 ni nene kuliko 8 na namba 0 ni bonge la waya kabisa. Kutoka betri mpaka buti ukipita vizuri pembeni weka mita 5. Namba 8 ya shaba kwa urefu huo ukiivuta ampea 100 unapoteza kama volti 1 njiani, na volti 1 mara ampea 100 ni wati 100, zote zinaishia kuwa joto chini ya kapeti, ni kama umelaza kule chini balbu ya zamani ya wati 100 inawaka. Muziki hauvuti kiasi hicho muda wote, besi inakuja na kuondoka, ila foleni ya Dar ni ndefu kuliko uvumilivu wa plastiki. Namba 4 kwa hesabu hiyohiyo inapoteza kama volti 0.4 tu.

Na hapo naongelea shaba tupu. Waya nyingi za bei chee utakazokutana nazo Kariakoo ni alumini iliyopakwa shaba, na nyingine ni ganda nene tu, ndani nyuzi za kuhesabika. Omba kipande, kwangua nyuzi kwa wembe, ikitokea nyeupe ndani ni alumini. Sisemi usinunue, ila inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba kwa unene uleule, so kama hesabu imekuambia namba 4 basi kwa alumini nenda unene mkubwa zaidi. Muuzaji akikataa usikwangue, ushapata jibu.

Mara ya pili nilifunga mwenyewe, Jumapili nzima, mke wangu ananiangalia tu. Waya moja ya shaba namba 4 kutoka betri, na fyuzi ya 100 nimeiweka kama sentimita 30 tu kutoka kwenye betri, mafundi wa kazi hii wanakuambia isizidi 45. Wengi tunadhani fyuzi hii inalinda ampu. Ampu ina fyuzi zake, hii inalinda waya. Pale waya inapotoboa bati la kati ya injini na dashibodi ni chuma chenye makali, ikichubuka ikagusa bodi, na fyuzi yako iko kwenye buti, hakuna kitu cha kuizima mpaka gari liishe. Tundu hilo weka mpira, usiseme nitaweka kesho. Huko nyuma waya inaingia kwenye kiboksi cha kugawia moto, inaingia moja zinatoka mbili, kila ampu na tawi lake na fyuzi yake, 40 huku na 60 huku. Mambo ya kurusha kutoka ampu kwenda ampu nimeachana nayo, temino ile imetengenezwa kubeba umeme wa ampu moja.

Hasi ndo watu wanaidharau na ndo inayotesa. Kwenye ule ufungaji wa kwanza nilikuwa na mlio kwenye spika, wiiiii, unakanyaga mafuta unapanda, unaachia unashuka. Nikaambiwa ni redio mbovu, kidogo ninunue nyingine. Kumbe ni kwa sababu ampu moja hasi yake iko kwenye bodi na nyingine iko kwenye bolti ya kiti, sehemu mbili ambazo hazilingani, umeme unatafuta njia kupitia waya za sauti na kelele ya oltaneta, ile inayochaji betri, inaingia humo. Nilizikutanisha hasi zote mbili sehemu moja, waya nene sawasawa na ya moto, fupi chini ya nusu mita, nikakwangua rangi mpaka chuma king'ae ndo nikafunga bolti. Mlio ukafa siku hiyohiyo. Ukishafunga paka grisi au rangi juu yake, maana huku pwani chuma kilichokwanguliwa hakikai, jamaa yangu wa Kigamboni alifungua ya kwake baada ya msimu mmoja wa mvua akakuta kutu tupu.

Waya ndogo ya kuwashia ampu, ile ya bluu yenye mstari mweupe inayotoka kwenye redio, ina umeme kiduchu. Ampu mbili kwa kawaida inaziweza, lakini ukianza kuning'iniza na feni ya kupoza na vitaa vya urembo unaua redio. Weka rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) ya kawaida ya mguu nne, kila mguu una namba yake: 85 inapata waya ya redio, 86 hasi, 30 moto wenye fyuzi yake, 87 inaenda kuwasha vyote. Waya za sauti zipitishe upande wa abiria, mbali na waya ya moto.

Kabla hujafunga sabufa jua omu, yaani ukinzani wake kwa umeme. Mbili za omu 4 zenye koili moja moja ukizifunga sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) unapata 2, ukizifunga mfululizo (moja inafuata nyingine) unapata 8. Ampu yangu inakubali kushuka mpaka 2, tukaelewana. Jamaa yangu mwingine za kwake zina koili mbili mbili za omu 4, akaunga zote nne sambamba, ikawa omu 1, kila baada ya nyimbo tatu ampu inawasha taa nyekundu inagoma na yeye anamlaumu aliyemuuzia.

Afu ile nobu ya geini kwenye ampu sio volyumu jamani. Me nilichomoa sabufa, nikapiga sauti ya majaribio ya hezi 50, redio robo tatu, nikaweka mita ya umeme upande wa volti za AC (sio ile AC ya kupoza gari) pale ampu inapotolea umeme wa kwenda sabufa. Nataka wati 300 kwa omu 2, unazidisha unapata 600, kipeuo chake cha pili ni kama 24.5, basi napandisha nobu mpaka mita isome volti 24.5, naacha. Watu wanajaza geini mpaka mwisho halafu sabufa ikinuka wanashangaa.

Kitu kimoja waya haziwezi kukutatulia ni foleni yenyewe. Gari ikiwa sailensi, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, oltaneta haitoi nguvu zake zote, na AC na taa nazo zinakula hapohapo. Nimebandika kimita cha volti kwenye dashibodi, kikishuka chini ya 12.6 huku injini inanguruma najua sasa betri ndo inalipa bili, napunguza. Niliwahi kushauriwa ninunue kapasita. Kapasita inahifadhi kidogo tu ya kusukuma pigo moja la besi, haizalishi umeme, kama oltaneta imezidiwa itabaki imezidiwa.

Juzi nimekwama palepale Magomeni, muziki umefunguliwa, mita inasoma 13.4, nikainama nikashika kapeti, la baridi. Kilichobaki ni pleti namba ya nyuma, inalia kama kopo la maziwa kila besi ikishuka, na hiyo nimeijaza mpira, nimeijaza gundi, bado inaniaibisha mbele ya bodaboda.