Usiishie gerezani

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unaandaa pendekezo la utafiti wa uzamili kuhusu watu wanaowadhulumu watoto kingono, na kwamba umepanga kuwahoji wafungwa pekee. Hapo ningekuomba utulie kidogo. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, ilhali kesi nyingi za aina hiyo humalizwa sebuleni, wazee wakiwa wameketi mkekani na faini ikiwa imeshakubaliwa, hivyo mfungwa utakayemhoji anamwakilisha aliyeshindwa kujificha, si mjomba wala jirani ambaye familia imemsitiri.

Tenganisha pia mvuto na tendo. Si kila anayemdhulumu mtoto ana mvuto wa kudumu kwa watoto, na wapo wenye mvuto huo ambao hawajamgusa mtoto yeyote. Mjini Berlin, tangu mwaka 2005, watu wa namna hiyo hupokewa kwa hiari yao na kutibiwa. Kwetu, kundi hilo halijachunguzwa vya kutosha, sawa na vijana wadogo na wanawake wanaotenda makosa haya.

Suala la siri ndilo gumu zaidi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii kutoa taarifa haki ya mtoto inapovunjwa, kwa hiyo mweleze mhojiwa mipaka ya usiri kabla ya swali la kwanza, na uiandike kwenye fomu ya ridhaa.