Michoro ya Kondoa: anza na aliyeuona mwamba

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa historia ya sanaa hapa Dodoma, hasa mliochagua michoro ya miambani ya Kondoa, kabla hujamnukuu mtu jiulize: huyu aliuona mwamba kwa macho yake, au naye kasoma kwa mwenzake? Swali hilo litakusaidia kuliko ujanja wowote wa kutafuta mtandaoni.

Mary Leakey, mwanaakiolojia Mwingereza, alinakili michoro hiyo mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka 1983. Kolo, kijiji cha huko Kondoa, kuna mchoro mmoja maarufu: watu wembamba, wa pembeni wamemshika mikono wa katikati. Leakey alidhani huenda ni mwanamke anatekwa. Miaka ya 1980 David Lewis-Williams, bingwa wa michoro ya Wasan, jamii ya wawindaji wa kusini mwa Afrika, akausoma tofauti kabisa: kwake ile ni ngoma ya waganga na watu wanaopandisha, yaani waliopagawa. Halafu unafungua ukurasa wa watalii unakuta "mwanamke akitekwa", basi, kana kwamba mchoraji mwenyewe ndiye aliyeacha maelezo. Ukinukuu hapo umebeba dhana ya mtu ukidhani ni ushahidi. Kwenye andiko lako tenganisha mambo mawili: kinachoonekana ukutani, na nani kasema kina maana gani, mwaka gani. Msimamizi makini ataanzia hapo hapo kukuhoji.

Umri wa michoro nao una mtego wake. Ukiona ukurasa umetaja miaka kwa uhakika mkubwa, tafuta ni kitu gani kilichopimwa. Mkaa uliofukuliwa chini ya mwamba una umri wake, na rangi iliyo juu ukutani ina wake.

Ukienda maktaba, iwe ya chuo au ya mkoa, usimwambie mkutubi "naomba vitabu vya sanaa". Mpe jina la mwandishi, mwaka na toleo. Kwa mfano, jarida la Tanganyika Notes and Records, toleo la 29 la mwaka 1950, limebeba michoro ya miambani ya nchi hii. Fidelis Masao, Mtanzania mwenzetu, alichapisha utafiti wake wa michoro ya Tanzania ya kati mwaka 1979. Ukianza naye utajua waliomtangulia walisema nini. Visipokuwepo rafuni, muulize mkutubi kama vinaweza kuombwa maktaba nyingine. Muulize pia kuhusu Research4Life, mpango unaofungua majarida ya kitaaluma mtandaoni kwa nchi kama yetu, maana mlango wake unapitia kwenye taasisi, na wanafunzi wengi wanamaliza chuo hawajawahi kuutumia.

Kwa mwenye bando dogo, pakua kwanza jalada la Kondoa kwenye tovuti ya UNESCO, yaani ombi la nchi lililofanya eneo liingizwe kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Ni bure, lina ramani na marejeo, pamoja na tathmini ya ICOMOS, baraza la wataalamu wanaoishauri UNESCO. Kumbuka tu kwamba ombi la nchi huandikwa ili likubaliwe, kwa hiyo lisome sambamba na tathmini yenyewe. JSTOR, hazina ya makala za kitaaluma mtandaoni, nayo inakuruhusu kusoma makala kadhaa kila mwezi bila malipo ukijisajili. Wikipedia itumie kwa ajili ya orodha ya marejeo iliyo chini, kisha ondoka.

Picha zinahitaji uangalifu wa peke yake. Nakala ya mkono imepita kwenye jicho la aliyenakili: mstari uliofifia anaweza kuukamilisha, doa asilolielewa akaliacha. Kwa hiyo weka nakala ya Leakey kando ya fotografia. British Museum imeweka mtandaoni hazina ya picha zilizokusanywa na TARA, shirika la Nairobi linaloshughulikia michoro ya miambani ya Afrika, na Tanzania imo. Picha isiyotaja mwamba gani na nani kaipiga, iache, hata ikipendeza namna gani.

Mkipata nauli, nendeni Kolo. Pitieni kwanza ofisi ya Mambo ya Kale, na kama ni utafiti rasmi shughulikieni kibali mapema. Mongomi wa Kolo, mmoja wa miamba yenye michoro, bado ni mahali pa matambiko, hivyo wazee wa pale nao ni chanzo: andika nani kakwambia, lini, na kama karidhia jina lake litajwe. Ukipiga picha weka kipimo pembeni ya mchoro bila kuugusa, na mtu akitaka kuumwagia maji ili rangi ing'ae, mzuie, kwa sababu maji yanaiharibu.